Mtengenezaji: Mimi

Kila fomu ya bima ya gari ina swali ambalo wengi wetu hulijaza bila kufikiri: mtengenezaji ni nani? Unaandika Toyota au Nissan, unashuka mstari unaofuata. Lakini kuna watu ambao wakifika hapo kalamu inasimama. Ni wale waliochukua vyuma, ekseli ya gari kuukuu, plaiwudi, godoro na meko ya gesi, wakajiundia trela la kupigia kambi nyuma ya nyumba. Mtengenezaji? Mimi. Mwaka wa kuundwa? Nilianza Machi, nikaishiwa na pesa, nikamaliza mwaka uliofuata. Nambari ya chesisi? Hapo sasa.

Marekani watu wa aina hii ni wengi, na kero yao haijaanza jana: nani atakubali kukatia bima kitu ambacho hakikutoka kiwandani? Hapa kwetu bado ni wachache, ila kaa kando ya barabara ya Naivasha Ijumaa jioni na huenda ukaona kimoja kinavutwa nyuma ya Prado, rangi bado mbichi. Ukitaka kuelewa kwa nini wakala wa bima anakunja uso akisikia neno "nimejitengenezea", inabidi turudi nyuma kidogo. Na huko nyuma kuna kichekesho, manake gari linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza kabisa kukatiwa bima lilikuwa lenyewe la kujitengenezea.

Mwaka wa 1897, katika mji wa Westfield, jimbo la Massachusetts, fundi mmoja aitwaye Gilbert Loomis alikuwa amejiundia gari la injini ya silinda moja. Alilipa kampuni ya Travelers dola 7.50 ili ikitokea amegonga mtu au ameharibu mali ya mtu, kampuni isimamie hasara hadi dola 1,000. Wapo wanaompa heshima hiyo ya kwanza daktari Truman Martin wa Buffalo, aliyekata bima yake 1898. Ubishi huo sitauamua mimi. Kinachonivutia ni kwamba hakuna mtu aliyemwambia Loomis aende kwanza atafute gari la kampuni inayojulikana. Ingetoka wapi? Wakati huo karibu kila gari lilikuwa la jua kali. Ndugu wawili, Charles na Frank Duryea, waliliendesha la kwao katika mji wa Springfield, jimbo hilohilo, mwaka wa 1893, na walipounda magari 13 yanayofanana mwaka wa 1896, hesabu hiyo ndogo ikaingia vitabuni kama mwanzo wa utengenezaji wa magari kwa wingi Marekani. Kumi na tatu, wandugu. Siku hizi hata fundi wa mikokoteni anaweza kukufikishia idadi hiyo kabla ya Krismasi.

Kampuni za bima zenyewe hazikujua gari ni mnyama gani. Bima zile za kwanza Marekani zilichukua maneno ya bima za farasi na mabehewa. Huko London, soko la Lloyd's lilitoa bima yake ya kwanza ya gari mwaka wa 1904, na kwa kuwa waandishi wake walikuwa watu wa meli tangu enzi na enzi, gari lile likaandikwa kama chombo cha baharini kinachosafiri nchi kavu. Cheka, lakini jambo hilo lina uzito. Maneno ya bima ya meli yalibeba ndani yake kanuni moja ya zamani, na hiyo kanuni ndiyo inayomsubiri mwenye trela la uani hadi leo.

Kanuni yenyewe tunaweza kuifuata hadi kwenye ngome. Katikati ya karne ya 18, Kampuni ya Kiingereza ya East India ilikuwa na ngome kwenye kisiwa cha Sumatra, mahali palipoitwa Bencoolen, leo ni Bengkulu, Indonesia. Ngome iliitwa Fort Marlborough na gavana wake alikuwa George Carter. Carter alikatiwa bima kule London: endapo ngome ingetekwa na adui kutoka Ulaya ndani ya mwaka mmoja, alipwe. Mwaka wa 1760 Wafaransa wakaja, wakaiteka. Carter akadai pesa zake. Mwenye bima, Charles Boehm, akakataa. Alisema gavana alijua fika kwamba ngome yake ilikuwa dhaifu na kwamba Wafaransa wangeweza kuja, na akanyamaza.

Kesi ikafika mbele ya Jaji Mansfield, aliyetoa uamuzi mwaka wa 1766. Alichosema kwa ufupi ni hiki: bima ni mkataba ambao upande mmoja unajua karibu kila kitu na upande wa pili unategemea kuambiwa. Mwenye bima yuko London, hajaiona ngome. Kwa hiyo anayeomba bima ana wajibu wa kusema yale anayoyajua na ambayo mwenzake hana njia ya kuyajua. Wanasheria huita kanuni hiyo nia njema kabisa, na wanafunzi wa sheria kutoka Parklands hadi London huisoma kesi hii kama msingi wake.

Ila watu husahau mwisho wa kesi. Carter alishinda. Mansfield aliona kwamba Boehm alijua au angeweza kujua ngome ile ilikuwa ya aina gani, na kwamba hatari ya Wafaransa ilikuwa ikizungumzwa London yenyewe. Kama alikuwa na shaka, angeuliza. Huwezi kupokea pesa za mtu ukiwa umefumba macho, kisha hasara ikija ufungue macho na kulia kwamba umedanganywa.

Mimi huona trela la kujitengenezea kama ngome ndogo ya Bencoolen. Wewe uliyelichomelea ndiye unayejua ni kiungio kipi ulikichomelea jioni stima ikipotea na kurudi. Unajua ekseli ilitoka wapi. Wakala wa bima, aliyekaa ghorofa ya saba pale Upper Hill, hajui. Na tofauti na Toyota, hana mahali pengine pa kuuliza.

Hapo ndipo viwanda vilipobadilisha kila kitu. Ford alipoanza kuuza Model T mwaka wa 1908, na kufikia 1927 akawa ameunda milioni 15, kampuni ya bima haikuhitaji tena kumjua mwenye gari kama fundi. Gari moja lilikuwa ndugu pacha wa lingine. Ukishaona elfu moja yakigongana, unaweza kukisia vizuri la elfu moja na moja. Neno la aliyeliunda likakosa kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na jina la kampuni, modeli na mwaka. Ndiyo yale masanduku matatu kwenye fomu.

Wakati huohuo serikali nazo zikaanza kulazimisha. Massachusetts, nyumbani kwa Loomis, ilifanya bima ya kulinda watu wengine kuwa lazima kuanzia 1927, na jimbo lililofuata, New York, lilisubiri hadi miaka ya 1950. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka wa 1930. Kutoka huko ndiko sisi tulikopata ya kwetu, iliyoandikwa wakati wa ukoloni na inayoitwa hadi leo Sura ya 405, ile ya bima ya mhusika wa tatu. Sheria hizi hazikujali kama gari lako ni zuri. Zilimjali yule mtu wa miguu, yule wa baiskeli, yule aliyekuwa kwenye gari lingine akienda zake. Zilitaka awe na mahali pa kudai hata kama aliyemgonga hana kitu mfukoni.

Sasa leta trela. Mwaka wa 1919, katika bustani ya De Soto kule Tampa, Florida, kundi la wasafiri wa magari lilijiita Tin Can Tourists, watalii wa mikebe, na alama yao ilikuwa mkebe unaofungwa mbele ya gari. Walilala kwenye mahema, kwenye magari waliyoyakatakata na kuyaunganisha upya, kwenye visanduku vya mbao juu ya magurudumu. Hakuna aliyeona aibu kwa kukosa cha kiwandani, maana cha kiwandani chenyewe kilikuwa haba.

Muongo uliofuata ulimleta Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit aliyekuwa akiongoza kampuni ya dawa. Alinunua trela la hema lililosemekana kusimamishwa kwa dakika chache. Mvua ikawakuta njiani, hema likagoma kusimama na familia nzima ikalowa. Sherman akarudi nyumbani, akabuni sanduku lake lenye kuta ngumu, upana wa futi 6 na urefu wa futi 9. Watoto wakalibandika jina la utani, Covered Wagon, kama yale mabehewa ya kale yaliyokwenda magharibi. Watu wakaanza kulitaka. Mwaka wa 1930 alilipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, na kufikia katikati ya muongo huo kampuni yake ilikuwa kubwa kuliko zote za matrela Marekani. Karibu wakati huohuo, Wally Byam alijengea familia yake trela kwa sababu Marion, mkewe, hakutaka kusikia habari ya kambi isiyo na jikoni. Akauza michoro kwa watu wajijengee wenyewe kabla ya kuanzisha Airstream mwaka wa 1931. Kwa hiyo hata lile trela la alumini linalong'aa kwenye Instagram kwa bei ya nyumba lilianza kama kitu cha uani na mchoro wa kuuza.

Msisimko ulikuwa mkubwa hadi mtabiri wa uchumi Roger Babson akatangaza kwamba ndani ya miaka ishirini nusu ya Wamarekani wangekuwa wanaishi kwenye matrela. Hawakuishi humo. Ila baada ya Vita vya Pili vya Dunia mafundi wa nyumbani walirudi kwa nguvu, wakitumia alumini na magurudumu ya jipu yaliyobaki jeshini, na mwaka wa 1947 jarida la Mechanix Illustrated likachapisha michoro ya trela dogo lenye umbo la tone la chozi. Michoro hiyo bado inaigwa.

Kilichowafungia mlango polepole kilikuwa nambari. Mwaka wa 1954 watengenezaji wa Marekani walianza kuyapa magari nambari ya utambulisho kwa utaratibu, kila kampuni kwa mtindo wake. Kuanzia magari ya 1981 serikali ikaamuru zote ziwe na tarakimu na herufi 17, bila I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Ndani ya hizo 17 umejificha mtengenezaji, mwaka, kiwanda. Kompyuta ya kampuni ya bima inaisoma nambari kabla haijakusoma wewe. Trela la uani halina, na kwenye kompyuta kitu kisicho na nambari ni kama hakipo.

Suluhisho la Wamarekani ni la kiserikali kabisa. Taratibu zinatofautiana jimbo hadi jimbo, lakini kwa kawaida unapeleka risiti za vifaa, picha, na wakati mwingine karatasi ya mizani inayoonyesha uzito. Afisa analikagua, kisha jimbo linakupa nambari yake lenyewe kwenye kipande cha chuma unachokipigilia kwenye fremu. Kuanzia hapo lina jina. Halafu ndipo unaenda kwa wakala, na hapo watu wengi hushangaa kwa sababu wanagundua kwamba swali la bima ya trela kwa kweli ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja.

La kwanza ni nani atakayelipa trela likimuumiza mtu. Kwa kawaida, likiwa limefungwa nyuma ya gari, bima ya gari linalovuta ndiyo inayobeba mzigo huo. Lakini soma mkataba wako, usiniamini mimi. Bima nyingine inaishia pale trela linapofunguliwa, na trela lililofunguliwa juu ya mteremko bila mawe kwenye magurudumu halijui hilo. Kuna na lile tatizo la kuyumba. Mafundi wa Marekani hufundishana kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inafaa kukalia kiungio cha kuvutia. Ukiweka tangi la maji na betri nyuma kabisa kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, mkia unakuwa mzito, na ukifika kasi ya barabara kuu trela linaanza kucheza kushoto kulia, kila mchezo mkubwa kuliko uliotangulia. Kwenye uwanda wa Marekani lina nafasi ya kucheza. Weka jambo hilo kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lori nyuma yako, matatu inakuja mbele ikipita nyingine. Huyo abiria wa matatu ndiye mtu ambaye Sura ya 405 iliandikwa kwa ajili yake, na haitamsaidia kitu kujua kwamba plaiwudi yako ilikuwa ya daraja la kwanza.

Swali la pili ni nani atakayekulipa wewe, na hili ndilo linalouma moyo. Tuseme risiti zako zote, vyuma, magurudumu, mabati, rangi, godoro, zinafika laki mbili. Umelifanyia kazi Jumamosi arobaini. La kiwandani linalofanana nalo ni laki sita. Usiku mmoja linaibwa. Umepoteza nini?

Kanuni ya fidia inasema bima ikurudishe pale ulipokuwa, isikutajirishe wala isikuache chini. Sawa, lakini ulikuwa wapi? Mwenye bima aliyezoea magari ataangalia bei ya soko, na trela lako halina soko, liko moja tu duniani. Atakimbilia risiti. Risiti hazijui kuhesabu Jumamosi. Ndiyo maana wajenzi wenye uzoefu hutafuta mkataba wa thamani mliyokubaliana mapema, kama ule wa magari ya kale: anakuja mthamini, analipima, analipiga picha, mnaandika kiasi, na unalipia bima kulingana na kiasi hicho. Unalipa zaidi. Lakini ubishi mmeumaliza kabla ya wizi, mkiwa bado marafiki. Vitu vilivyo ndani, yaani simu, kamera, magodoro, mara nyingi huwa nje ya hesabu hiyo na vinahitaji bima yake, jambo ambalo watu hulijua siku mbaya.

Kenya tuna faida moja ambayo hatuitambui. Nchi hii haijawahi kuogopa gari lililoundwa kwa mkono. Basi linalokupeleka kazini lilikuja kama chesisi, mwili wake ukajengwa na mafundi hapa hapa, vyuma vikachomelewa, viti vikafungwa, graffiti ikapigwa, na linakatiwa bima kila siku. Kuna hata kiwango rasmi cha ujenzi wa miili ya magari ya abiria, KS 372. Matrela nayo husajiliwa kivyake, na ndiyo maana nambari zake huanza na Z. Kwa hiyo swali la nani aliyeliunda tumekuwa tukilijibu kwa miaka, ila tumezoea kulijibia magari ya biashara. Ukija na kitanda na jiko juu ya ekseli, mtu wa kaunta hajui akuweke kwenye droo ipi, na wengi hukata tamaa hapo, wanalivuta hivyo hivyo wakiomba Mungu.

Tena sisi bado tuko karibu na Mansfield kuliko Waingereza wenyewe. Wao mwaka wa 2012 walipitisha sheria iliyompunguzia mteja wa kawaida mzigo: ajibu maswali anayoulizwa kwa uangalifu na ukweli, basi, si lazima akisie kila kitu ambacho kampuni ingependa kujua. Kwetu kanuni ya zamani bado ina meno. Usiposema kwamba ekseli ilitoka kwenye gari lililopinduka, kampuni inaweza kukugeuzia hilo siku ya fidia. Ndiyo maana ningeanza kupiga picha siku ya kwanza vyuma vinaposhushwa, kila kiungio kabla hakijapakwa rangi, kila waya kabla haujafunikwa na plaiwudi. Ningetuma zote kwa barua pepe, na barua fupi inayosema hivi ndivyo lilivyo, mkiwa na swali ulizeni. Wakipokea pesa baada ya hapo, wamepokea macho yakiwa wazi, na Boehm tumeshaona ilivyomwendea.

Kwenye mfumo wa kompyuta wanaoutumia polisi wa Marekani kuna orodha ya watengenezaji wa magari, kila mmoja kwa ufupisho wake wa herufi nne. Ford ni FORD. Toyota ni TOYT. Ukishuka kwenye orodha hiyohiyo utakuta HMDE, yaani cha kutengenezwa nyumbani.